Mimba Itimize Wiki Zake: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Vihatarishi vya Kuzaa Njiti

1. Kwa nini nyumba nzima isome kijitabu hiki

Mimba huchukua wiki 40, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto akizaliwa kabla wiki 37 hazijatimia, amezaliwa kabla ya wakati, na ndiye tunayemwita mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti milioni 13.4 duniani kote, takriban mmoja katika kila watoto kumi. Duniani, matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano.

Katika nchi tajiri, karibu watoto wote wanaozaliwa wakiwa na wiki 32 wanaishi. Katika nchi maskini, nusu ya wanaozaliwa wakiwa na wiki 32 au chini ya hapo wanakufa, na wengi wao hufa kwa kukosa joto, maziwa ya mama na matibabu ya kawaida ya maambukizi na shida ya kupumua. Yote hayo yanawezekana hapa kwetu, ilimradi mama na mtoto wafike mapema mahali yalipo.

Mama akizaa njiti, lawama humwangukia yeye. Ataulizwa alibeba nini, alikula nini, alitembea wapi usiku. Lawama hizo hazina haki. Katika mimba nyingi zinazofika ukingoni kabla ya wakati, hata daktari hapati sababu moja ya kuitaja. Kinachojulikana ni vihatarishi, yaani hali zinazoongeza uwezekano wa kuzaa mapema. Vipo ambavyo haviondoki lakini vinahitaji uangalizi wa karibu. Vipo vinavyotibika kwa dawa ya siku chache. Na vipo ambavyo funguo zake anazo mume, mama mkwe, jirani au mwajiri. Mkono mmoja haulei mwana, na malezi huanza mtoto akiwa bado tumboni.

2. Jueni mmefika wiki ya ngapi

Nyumba isiyojua umri wa mimba haiwezi kujua kama uchungu umekuja mapema. Watu wengi huhesabu kwa miezi, na hapo ndipo hesabu inapopotea, kwa sababu wiki 37 ni miezi minane na nusu hivi. Mama anayesema "nimeingia mwezi wa tisa" huenda bado hajafika wiki ya 37.

Hesabu ya kliniki ni rahisi. Tuseme hedhi ya mwisho ilianza tarehe 5 Januari. Ongeza siku saba, unapata tarehe 12. Kisha songa mbele miezi tisa, unafika Oktoba. Tarehe ya matarajio ni 12 Oktoba. Wiki 37 zitatimia karibu na tarehe 21 Septemba, kwa hiyo uchungu wowote kabla ya siku hiyo ni uchungu wa mapema. Andikeni tarehe zote mbili kwenye kadi ya kliniki, na ziandikeni pia ukutani au kwenye simu ya baba.

Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi, au aliyeshika mimba wakati ananyonyesha kabla hedhi haijarudi, anahitaji kipimo cha altrasaundi. Kipimo hicho hukadiria umri wa mimba vizuri zaidi kikifanywa kabla ya wiki ya 24. Kadiri mimba inavyokua, makadirio yake yanapungua uhakika.

3. Vihatarishi ambavyo kliniki lazima iambiwe

Hivi havimaanishi kwamba mama atazaa njiti. Vinamaanisha kwamba mimba yake isichukuliwe kama nyingine, na kwamba apangiwe mapema mahali pa kujifungulia penye huduma ya watoto wachanga.

*Kuwahi kuzaa njiti.* Hiki ni miongoni mwa vihatarishi vikubwa kuliko vyote. Mwambie mkunga siku ya kwanza kabisa, hata kama mtoto yule hakuishi na kumtaja kunaumiza. Taja pia mimba iliyotoka baada ya miezi minne au mitano.

*Mapacha.* Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, kwa kuwa mfuko wa uzazi hutanuka mapema kuliko kawaida. Mimba yenye maji mengi kupita kiasi nayo hutanua mfuko kwa namna hiyo.

*Shingo ya kizazi fupi au dhaifu.* Kwa baadhi ya wanawake shingo ya kizazi hufunguka kimyakimya, bila uchungu, mimba ikiwa bado changa. Inaweza kutokea kwa mwanamke aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa shingo ya kizazi. Daktari akigundua mapema anaweza kuishona shingo hiyo na kuufungua uzi mimba inapokaribia kutimia, au akampa dawa ya homoni.

*Umri.* Msichana aliye chini ya miaka 18 bado mwili wake unakua, na unagawana chakula na mtoto aliye tumboni. Mwanamke aliyevuka miaka 35 naye ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo la damu na kisukari cha mimba. Wa kwanza asifichwe ndani kwa aibu, na wa pili asiache kliniki kwa kujiona mzoefu wa kuzaa.

*Mimba zinazofuatana kwa karibu.* Ushauri wa kitaalamu ni kungoja angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine, na angalau miezi sita baada ya mimba kuharibika. Mwili unahitaji muda wa kurudisha damu na nguvu. Kunyonyesha peke yake hukinga mimba tu ikiwa mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi kitu kingine chochote, na hedhi haijarudi. Moja ya hayo likikosekana, mama na baba waende pamoja kuchagua njia ya uzazi wa mpango.

*Kondo la nyuma.* Kondo likikaa kwenye mlango wa kizazi, au likibanduka kabla ya wakati, mama hutokwa na damu na huenda mtoto akalazimika kutolewa mapema. Damu yoyote ukeni wakati wa ujauzito ni dharura, hata kama haina maumivu.

4. Magonjwa yanayojificha

Sehemu hii ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili, kwa sababu magonjwa mengi yaliyomo humu hayaumi, na karibu yote yanatibika.

*Malaria.* Vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, pale pale damu ya mama inapompelekea mtoto chakula na hewa. Mama anaweza asiwe na homa wala kuumwa kichwa, huku mtoto anadhoofika na uchungu unakaribia kuanza kabla ya siku zake. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kinga ni mbili: kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na kumeza dawa ya SP kliniki. SP huanza kutolewa mimba inapoingia miezi mitatu ya pili, kisha hurudiwa kwa kupishana angalau mwezi mmoja, na mama anahitaji dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Humezwa mbele ya mhudumu, hata kama mama hajala. Mama anayetumia Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwani dawa hizo mbili hazichanganywi. Yeye aendelee na Septrin na dawa zake za kufubaza virusi bila kuacha hata siku moja.

*Maambukizi ya njia ya mkojo.* Bakteria wakikaa kwenye kibofu wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Mwili ukianza kupambana nao, hutoa kemikali zilezile zinazoufanya mfuko wa uzazi ubane. Wapo wajawazito wenye bakteria kwenye mkojo bila kuungua wala kwenda haja ndogo mara kwa mara, ndiyo maana mkojo hupimwa hata kwa asiyelalamika. Mama akiandikiwa dawa, aimalize yote. Kununua vidonge viwili vitatu dukani na kuacha maumivu yakipungua huwaacha bakteria hai na wenye usugu.

*Magonjwa ya zinaa na maambukizi ya uke.* Kaswende, kisonono, klamidia na trikomona vyote vinahusishwa na kuzaa mapema. Kaswende huweza pia kumuua mtoto tumboni. Maambukizi yakipanda kutoka ukeni hudhoofisha ngozi nyembamba inayoshikilia maji ya uzazi, na chupa ikapasuka kabla ya wakati. Uchafu wenye harufu, kuwashwa au vidonda visionewe haya. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, magadi au dawa za majani huongeza tatizo, kwa sababu huondoa kinga ya asili. Na mama akitibiwa peke yake, mume akabaki na ugonjwa, tiba hiyo ni bure: ugonjwa utarudi usiku huohuo watakaporudiana.

*Shinikizo la damu.* Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, mama anahitaji uangalizi. Kifafa cha mimba huanza hivi, na wakati mwingine daktari hulazimika kumtoa mtoto mapema ili kuokoa uhai wa mama. Dalili za hatari ni kuumwa kichwa kusikotulia, kuona ukungu au maluweluwe, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, na kuvimba ghafla uso na mikono. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba aseme mapema, maana daktari anaweza kumwandikia aspirini ya dozi ndogo ili kupunguza hatari. Hiyo si dawa ya kujinunulia.

*Kisukari.* Kisukari cha tangu zamani, au kile kinachoanza na mimba, huongeza maji ya uzazi na ukubwa wa mtoto, na huongeza uwezekano wa kujifungua mapema.

*Upungufu wa damu.* Wingi wa damu wa mjamzito ukishuka chini ya 11, damu yake ni pungufu. Hutokana na chakula kisicho na madini ya chuma, malaria, minyoo, au mimba za karibu karibu. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki ni vya kila siku, mimba yote. Hubadilisha rangi ya choo kuwa nyeusi, na wengine huwatia kichefuchefu. Mama avimeze usiku kabla ya kulala, asivitupe kwenye kabati.

*Meno na fizi.* Fizi zinazovimba na kutoka damu zimehusishwa na kuzaa mapema. Mjamzito anaruhusiwa kutibiwa meno, na apige mswaki mara mbili kwa siku.

5. Vihatarishi vilivyo mikononi mwa nyumba

*Kazi nzito.* Kusimama saa nyingi, kubeba ndoo za maji na mizigo ya kuni, kulima jua kali na kufanya kazi ya zamu za usiku huuchosha mwili ambao tayari unafanya kazi ya watu wawili. Mjamzito hahitaji kulala kutwa nzima, na kutembea na kazi nyepesi humfaa. Lakini ndoo ya lita 20 na itoke kichwani mwake tangu leo. Kaka, baba na watoto wakubwa wanaweza kuteka maji. Mwajiri naye ampe kiti na muda wa kupumzika.

*Chakula.* Mama mwembamba mno, na pia mama mnene kupita kiasi, wote wako katika hatari kubwa zaidi. Sahani yake iwe na dagaa, maharage, kunde au mayai pamoja na mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu, na tunda lenye uchachu kama chungwa au ubuyu, kwa maana husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai na kahawa zinywewe mbali na mlo, maana huzuia ufyonzaji huo. Zile desturi za kumnyima mjamzito mayai, samaki au nyama humnyima mtoto. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kubeba minyoo. Anayeutamani asikemewe, apelekwe kupimwa damu.

*Tumbaku, pombe na dawa za kulevya.* Sigara, ugoro, shisha, bangi na pombe, ya dukani na ya kienyeji, vyote humfikia mtoto. Moshi wa sigara anayovuta baba sebuleni nao humfikia. Avutie nje, na ikiwezekana aache kabisa. Moshi wa kuni na mkaa pia una madhara, kwa hiyo mama asipike ndani ya jiko lisilo na dirisha.

*Dawa za mitishamba na za kujinunulia.* Dawa za kuongeza uchungu, za kusafisha tumbo au za kumfanya mtoto awe mdogo ili atoke kwa urahisi zinaweza kuubana mfuko wa uzazi wakati usiofaa. Mama asitumie dawa yoyote bila kumwonyesha mhudumu wa afya.

*Ukatili na hofu.* Pigo la tumboni linaweza kubandua kondo na kumuua mtoto na mama kwa saa chache. Matusi, vitisho na kunyimwa matumizi pia huumiza mimba. Anayeishi katika hali hiyo amweleze mkunga faragha, au afike kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Jirani anayesikia kipigo asiseme ni mambo ya mke na mume.

6. Kliniki: mapema, na mara nyingi

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Wengi husubiri tumbo lionekane. Kufikia wakati huo mkojo haujapimwa, kaswende haijatafutwa, shinikizo halijaandikwa, na umri wa mimba unakisiwa.

Kila hudhurio, baba na mama waulize: Shinikizo la damu ni ngapi leo? Mkojo una nini? Damu ni kiasi gani? Dozi ya SP imeshatolewa? Mimba ni wiki ya ngapi? Majibu yaandikwe kwenye kadi, na kadi ikae mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuifuata.

7. Dalili za uchungu wa mapema

Mimba ikiwa haijatimiza wiki 37, dalili yoyote kati ya hizi ni safari ya kituo cha afya:

- Tumbo kukaza na kulegea kwa mpangilio, kila baada ya dakika kumi au chini ya hapo, hata kama hakuna maumivu makali
- Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka, au yasiyokatika
- Maumivu ya chini ya tumbo kama ya hedhi
- Mgandamizo wa kusukuma chini, kama mtoto anataka kutoka
- Maji kutoka ukeni, yawe mengi au yanayochuruzika kidogo kidogo
- Ute wenye damu, au damu yenyewe
- Mtoto kupunguza au kuacha kucheza

Mama asiye na uhakika kama tumbo linakaza afanye hivi: alale ubavu wa kushoto na aweke vidole juu ya tumbo, karibu na kitovu. Mfuko wa uzazi uliotulia hubonyea kama shavu. Ukibana, hukaza kama paji la uso, hukaa hivyo kwa muda, kisha hulegea. Anayeona saa ahesabu dakika tangu mkazo mmoja uanze hadi mwingine uanze. Ikiwa inapishana kwa mpangilio, ondokeni. Ikiwa maji au damu vimetoka, msihesabu chochote, ondokeni.

Mama asipewe chai ya majani, asichuliwe tumbo, na asiambiwe avumilie hadi asubuhi. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uitwao m-mama, ambao hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115. Namba hiyo na ya dereva wa jirani ziwepo kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani.

8. Kwa nini saa chache zina maana kubwa

Mtoto njiti huteseka zaidi na mapafu, kwa sababu hayajatengeneza utelezi unaoyafanya yafunguke kila anapovuta pumzi. Mwaka 1972, madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa sindano ya dawa aina ya steroidi, ikichomwa kwa mama kabla ya kujifungua, hukomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni. Leo sindano hiyo hutolewa hospitali kwa mama anayeelekea kujifungua kati ya wiki 24 na 34, baada ya daktari kuhakikisha umri wa mimba na kwamba mama hana maambukizi makali.

Sindano hiyo inahitaji kama siku nzima ili ifanye kazi vizuri. Hospitalini zipo dawa zinazoweza kuchelewesha uchungu kwa siku moja au mbili, na muda huo ndio unaotumika kumkomaza mtoto na kumhamishia mama kwenye hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Mama ambaye chupa imepasuka hupewa antibiotiki. Mwenye mimba iliyo chini ya wiki 32 anaweza kupewa dawa ya magnesiamu inayolinda ubongo wa mtoto. Anayefika wakati kichwa cha mtoto kimeshaonekana hukosa yote hayo. Mama akiondoka nyumbani saa mbili usiku badala ya kungoja kupambazuke, amemletea mtoto wake dawa ambayo baada ya kuzaliwa haiwezi tena kutolewa kwa njia hiyo.

9. Mtoto akizaliwa njiti

Hitaji lake la kwanza ni joto, na joto lililo bora ni la kifua cha mama. Huduma hii, inayoitwa kangaroo, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey, wakati hospitali yake ilipokuwa na uhaba wa mashine za joto. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walioanzishiwa kangaroo mara baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa robo, wakilinganishwa na waliosubirishwa hadi hali zao zitulie.

Hufanywa hivi. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu. Huwekwa wima kati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua ibaki wazi. Khanga hufungwa kwa kumshika imara, ukingo wa juu ukifika chini ya sikio lake. Kisha mama huvaa nguo yake juu. Mtoto hukaa hapo saa 8 hadi 24 kwa siku, na mama akichoka, baba, bibi au shangazi hupokea kifuani pake. Hata safari ya kwenda hospitali, mtoto asafiri akiwa hivyo.

Maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe chini: ndiyo chanjo yake ya mwanzo. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa na kupewa kwa kikombe kidogo kama wauguzi watakavyoelekeza. Asiogeshwe siku ya kwanza. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, na wageni wapungue. Akiacha kunyonya, akalegea, akapumua kwa haraka au kwa shida, akapata degedege, akawa wa baridi au wa moto, au viganja na nyayo vikawa vya manjano, arudishwe hospitali mara moja.

10. Maswali yanayoulizwa sana

*Ni kweli kwamba mtoto wa miezi saba huishi kuliko wa miezi minane?*
Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea nguvu ya mapafu, ubongo na kunyonya.

*Tendo la ndoa husababisha kuzaa njiti?*
Kwa mimba isiyo na matatizo, hapana. Liepukwe ikiwa kuna damu, chupa imepasuka, kondo limekaa mlangoni, au daktari amekataza.

*Tuombe upasuaji mapema ili tupange siku?*
Hapana. Upasuaji au uchungu wa kuanzishwa kabla ya wakati ufanyike tu pale ambapo uhai wa mama au mtoto unaudai.

*Mtoto mdogo ni lazima awe njiti?*
Hapana. Mtoto anaweza kutimiza wiki zake akazaliwa na uzito ulio chini ya kilo 2.5. Wote wawili wanahitaji joto na uangalizi, lakini daktari atawatazama tofauti.

*Nimezaa njiti. Nifanye nini kabla ya mimba nyingine?*
Ngoja angalau miaka miwili, tibu maambukizi na upungufu wa damu, na nenda kliniki mara tu unapojihisi mjamzito.

11. Kazi ya kila mmoja

*Mama:* nenda kliniki kabla ya wiki 12, sema historia yako yote, maliza dawa, na usiione haya dalili yoyote.

*Baba:* mfuate kliniki, tibiwa naye, teka maji, acha sigara ndani, weka akiba ya nauli kuanzia mwezi wa tano wa mimba.

*Mama mkwe na bibi:* mpeni mjamzito mayai na samaki, mzuieni asibebe mizigo, na neno lenu la kwanza akisema anaumwa liwe "twende hospitali".

*Jirani na mwajiri:* jueni nani ni mjamzito karibu yenu, na muwe na njia ya kumfikisha kituoni usiku.

*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii:* pita nyumba zenye mimba changa kabla matumbo hayajaonekana, na ulizia SP, chandarua na kadi.

Leo usiku, kabla ya kulala, kaeni pamoja mfanye mambo matatu: fungueni kadi ya kliniki mhesabu wiki ya mimba, andikeni namba 115 kwenye simu zenu, na mkubaliane ni nani atakayemsindikiza mama uchungu ukija saa yoyote. Kama nyumbani kwenu kuna mjamzito ambaye hajaanza kliniki, mpelekeni kesho asubuhi.